Anayepika Hachezi

Kwenye harusi ya Kisiwa Panza, kama kwenye harusi yoyote ya Pemba, kuna watu ambao ngoma huisikia lakini hawaioni. Hao ni wapishi. Ngoma iko uwanjani, wao wako nyuma ya nyumba na masufuria makubwa juu ya mafiga, moshi wa kuni machoni, wakikadiria maji ya pilau kwa jicho maana hakuna kikombe cha kupimia mchele wa kijiji kizima. Kitunguu kikiungua kidogo tu, pilau yote imeingia uchungu, na jina la mpishi litazungumzwa mpaka Mkoani. Kwa hiyo hatoki. Wenzake wakimwita aje acheze, anawapungia mwiko.

Nimeanza na wapishi wa shughuli kwa sababu jambo la sura hii ni la saa kabla halijawa la kipaji. Watu wakisikia kwamba fulani anachana mistari ya hip hop, yumo kwenye kundi, na papo hapo upishi ndiyo kazi yake, huuliza vipi mtu mmoja akabeba vipaji viwili. Vipaji havijawahi kuwa tatizo. Wako watu wanavyo vitano na hawana wanachokifanya navyo. Tatizo ni kwamba muziki na jiko vinagombania saa zile zile, toka magharibi mpaka usiku mkubwa. Watu hula jioni, na watu huenda kwenye muziki jioni. Mwalimu anafunga daftari saa nane mchana akaenda mazoezini. Fundi cherehani anaacha kitambaa mezani, atakikuta kesho. Mpishi wa mkahawa ndiyo kwanza anawasha jiko wakati wenzake wanajaribu maikrofoni.

Kundi nalo lina ugumu wake. Anayeimba peke yake akichelewa amejichelewesha mwenyewe. Mwanakundi ana ubeti wake ndani ya wimbo wa watu wanne, na asipofika pana pengo. Wenzake wataliruka pengo hilo au watalijaza. Wakilijaza mara tatu mfululizo na watu wakashangilia, ule ubeti umeshahama mwenyewe.

Pemba haihitaji kufundishwa habari za kundi linalojibizana kwa maneno. Kibati ni ngoma ya kisiwa hiki: waimbaji hutunga papo kwa papo na kujibizana kwa kasi, ngoma ikiwasukuma na waitikiaji wakipokea. Kabla ya hapo, au sambamba na hapo, palikuwa na Kamange na Sarahani, washairi wawili wa Pemba wa mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, marafiki na mahasimu wa mashairi, waliorushiana beti ambazo watu walizihifadhi kwa kichwa. Kazi zao zilichapishwa mwaka 2011 katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, chini ya uhariri wa Abdilatif Abdalla. Anayesema kwamba majibizano ya mistari yaliletwa na kanda za Marekani akisome kwanza kitabu hicho.

Kilicholetwa na kanda ni mdundo na mtindo wa kuvaa. Mwaka 1991 Saleh J aliuchukua wimbo maarufu wa Marekani, akauimba kwa Kiswahili, na vijana wa Dar es Salaam wakajua kwamba inawezekana. Mwaka 1993 kundi la Kwanza Unit likaundwa hapo hapo Dar. Unguja, Cool Para alichanganya rap na taarab, na baadaye kundi la Offside Trick likaingia studio na Bi Kidude, bibi ambaye alikuwa ameshaimba miongo mingi kabla wao hawajazaliwa. Kundi ndilo lililokuwa umbo kuu la mwanzo la muziki huu kwetu, na sababu yake ni ya mfukoni: saa za studio zilikuwa ghali, na watu wanne wanachanga kwa urahisi kuliko mmoja.

Sasa, mpishi yuko wapi katika habari hii? Kwenye hip hop yenyewe jina la mpishi lilitangulia jiko. Katika Wu-Tang Clan, kundi la Staten Island, New York, lililotoa albamu yake ya kwanza Novemba 1993, mmoja wao ni Raekwon, anayejiita Chef, yaani mpishi. Anapika maneno. Jina lilimkaa, lakini jina hilo halidai saa. Kinachonivutia katika kundi hilo ni mkataba wake zaidi ya jina la Raekwon. RZA, kiongozi wao, alilipeleka kundi kwa kampuni ya Loud kwa sharti ambalo wakati ule lilikuwa geni: kundi ni la Loud, lakini kila mwanakundi yuko huru kuuza kazi yake binafsi kwa kampuni anayoitaka. Method Man akaenda Def Jam, GZA akaenda Geffen, Ol' Dirty Bastard akaenda Elektra. Raekwon alibaki Loud na mwaka 1995 akatoa Only Built 4 Cuban Linx, ambayo ndani yake Ghostface Killah anasikika karibu kila kona. Maana yake, kundi liliandika tangu mwanzo kwamba mtu ataondoka na atarudi, na kuondoka huko hakutaitwa usaliti. Makundi mengi ya kwetu yalifanya kinyume: yaliapizana kwamba hatoki mtu, halafu wa kwanza kutoka akawa adui.

Mtu aliyeubeba ugomvi huu wa muziki na jiko mwilini mwake ni Action Bronson. Jina lake la nyumbani ni Ariyan Arslani, amezaliwa mwaka 1983 katika mtaa wa Queens, New York, baba yake Mwislamu wa Albania na mama yake Myahudi wa Brooklyn. Baba alikuwa na mkahawa, na kijana alikulia humo akiosha, akikata, akichoma. Huyu hakuvaa jina la mpishi kama Raekwon. Upishi ulikuwa riziki yake. Kuchana kulikuwa pembeni, pamoja na rafiki zake akina Meyhem Lauren, katika kundi la kitongoji chao lililoitwa Outdoorsmen. Kisha akavunjika mguu, humo humo jikoni. Mpishi asiyeweza kusimama hana kazi, maana jiko la mkahawa ni saa kumi za kusimama. Rapa anaweza kurekodi amekaa. Mwaka 2011 akatoa albamu yake Dr. Lecter, yenye majina mengi ya vyakula ndani ya mistari kuliko ya magari, na jiko la mkahawa hakulirudia tena.

Wasimulizi wengi huishia hapo, kwamba mguu ulivunjika na nyota ikazaliwa. Mimi nadhani sehemu tamu inaanzia hapo. Bronson aliacha zamu za jikoni lakini hakuacha chakula. Alianza na vipindi vya kupika vya intaneti, kisha kipindi cha televisheni cha kuzunguka dunia akila, kisha mwaka 2017 kitabu cha mapishi, chenye jina lile lile la kipindi. Siliandiki hapa, lina tusi, na kitabu hiki nataka kisomwe na wazee pia. Katika kipindi hicho amezungukwa na nani? Meyhem Lauren yule yule, mtayarishaji wa midundo The Alchemist, na Big Body Bes, mtu wa maneno mengi. Wanakula pamoja, wanataniana, usiku wanapanda jukwaani. Tatizo la saa ameliondoa kwa kuwahamishia rafiki zake kwenye meza ya chakula. Lakini angalia alicholipa. Anayepika kwenye kipindi anapika sahani moja mbele ya kamera, na hana wageni themanini wanaosubiri. Mwenyewe aliyekulia kwenye zamu anaijua tofauti hiyo kuliko mimi.

Hapo ndipo ninapoliona fundo la jambo lote. Rapa akisharekodi wimbo, wimbo unafanya kazi naye amelala. Chakula hakina kanda. Pilau ya jana haimlishi mgeni wa leo, na mpishi aliyepo Chake hawezi kuonjesha Wete. Kwa hiyo kila mwanamuziki aliyefaulu kuwa na kundi na jiko alitafuta namna ya kukifanya chakula kihifadhike: kitabu, kipindi cha televisheni, au mkahawa unaopikwa na watu wengine kwa kanuni yake. Waliobaki kwenye moto wenyewe, kwa mikono yao, kila usiku, siwajui kwa majina. Na nashuku ndiyo sababu siwajui.

Coolio alipita njia ya kitabu. Kabla dunia haijamjua kwa Gangsta's Paradise ya mwaka 1995 alikuwa mwanakundi wa WC and the Maad Circle huko Los Angeles, akisikika kwenye albamu yao ya mwaka 1991. Mwaka 2009, umaarufu ukiwa umepoa, alitoa kitabu cha mapishi cha watu wasio na fedha, chakula kizuri kwa bei ya chini, kwa lugha ya mitaani. Alifariki Septemba 2022. Prodigy wa Mobb Deep alipita njia hiyo hiyo kwa mlango mchungu zaidi. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, na alipofungwa gerezani kuanzia mwaka 2008 alijua kwamba chakula kibaya kwake ni kitanda cha hospitali. Akajifunza kutengeneza mlo kwa vile vitu vichache vinavyouzwa kwenye duka la gereza, na mwaka 2016 akachapisha kitabu juu ya mapishi hayo. Gerezani hakuna tamasha la usiku. Huko, kwa masikitiko, ugomvi wa saa haupo. Alitoka mwaka 2011, akarudi kwa mwenzake Havoc, na Mobb Deep ikaendelea mpaka kifo chake Juni 2017.

Bun B alichukua njia ya mkahawa, naye alikuwa ameshapoteza kundi. UGK walikuwa wawili, kutoka Port Arthur, Texas, na Pimp C alifariki Desemba 2007. Kundi la watu wawili likibaki na mmoja linakuwa kumbukumbu, na mtunza kumbukumbu saa anazo. Mwaka 2021 Bun B na washirika wenye uzoefu wa mikahawa walianza kuuza baga mjini Houston kwa jina la Trill Burgers, kwanza kwenye vibanda vya matamasha, na mwaka 2023 wakafungua mkahawa wa kudumu. Kuuza chakula palepale muziki ulipo ni akili: saa ikiwa ni moja, basi na mahali pawe pamoja.

Nikiulizwa nani amelitatua tatizo la saa vizuri kuliko wote, nitamtaja Big Zuu wa London. Ni mtoto wa mama aliyekimbia vita Sierra Leone akiwa na ujauzito wake, amezaliwa mwaka 1995, Mwislamu, na alikulia kwenye kundi la grime la MTP pamoja na binamu yake AJ Tracey. Grime ni ndugu wa hip hop aliyezaliwa London, mwenye haraka zaidi. Mwaka 2020 televisheni ya Dave ilimpa kipindi: anakwenda na gari la chakula kuwapikia wachekeshaji. Hakwenda peke yake. Alikwenda na rafiki zake wa tangu utotoni, Tubsey na Hyder, mmoja akikata vitunguu, mwingine akiharibu kitu, wote wakibishana. Mwaka 2022 kipindi kile kilichukua tuzo mbili za BAFTA. Naamini waliokitunuku walidhani wanatunuku upishi. Ukikitazama vizuri, kile ni kikundi: kuna anayeongoza, kuna wanaoitikia, kuna anayesubiri nafasi yake aingize neno. Mzee yeyote wa Pemba aliyewahi kuitikia kibati angekitambua bila kujua neno la Kiingereza.

Huku kwetu kuna Shilole. Si wa hip hop, ni wa Bongo Fleva, na ni msanii wa peke yake, lakini katika Waswahili hakuna mwanamuziki aliyeshikamana na chakula kama yeye. Shishi Food yake ya Dar es Salaam ilijengwa juu ya ubwabwa, ugali na samaki, chakula cha mama ntilie kikiwa kimevaa nguo safi, na mteja anajua anakula kwa nani. Sugu, yaani Joseph Mbilinyi, mmoja wa mababa wa hip hop ya Tanzania na mbunge wa Mbeya Mjini toka 2010 hadi 2020, alijenga hoteli Mbeya na kuiita Desderia, jina la mama yake. Lakini hoteli ya Sugu ni rasilimali ya mtu aliyekwisha kuimba, na haigombanii naye saa. Jambo la kijana mwenye miaka ishirini na mbili, ambaye kundi lake bado halijatoka na bado anakaanga mayai ya watalii, bado liko pale pale.

Kuna sababu nyingine inayomfunga mpishi, na Kisiwa Panza inaijua kwa namna ambayo sitaipamba. Machi 2024 familia za kisiwa hiki zilikula nyama ya kasa. Watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki, na watu 78 wakalazwa. Zaidi ya miaka miwili nyuma, Novemba 2021, watu saba walifariki Pemba kwa nyama hiyo hiyo. Sumu hiyo hutokana, kama wataalamu wanavyodhani, na mwani mdogo wenye sumu ambao kasa huula baharini. Haitoki kwa kuchemsha, na huwaangamiza watoto zaidi. Hakuna mwiko wala viungo vinavyoiondoa. Nalitaja hili kwa sababu ubeti mbaya unasahaulika kabla ya wimbo kwisha. Chakula kina dhamana ya roho za watu, na mpishi wa kazi analijua hilo kila anapopokea samaki mlangoni, anapoangalia jicho la samaki, anapomrudisha mvuvi na changu wake wa juzi. Mtu wa namna hiyo humwambii aache jiko dakika kumi aje aweke sauti.

Basi vijana wa Kisiwa Panza wanaotaka vyote viwili wafanyeje? Kwanza wanaondoka. Mashua mpaka Chokocho, gari mpaka Mkoani, boti mpaka Unguja, maana jiko linalolipa mshahara liko kwenye hoteli za Nungwi, Kendwa na Paje. Kundi linabaki Pemba, au linatawanyika. Na kalenda ya hoteli haiwahurumii. Msimu wa watalii ni Juni mpaka Oktoba, kisha Desemba mpaka Februari. Sauti za Busara, tamasha ambalo kila msanii wa visiwani hulitamani tangu lilipoanza mwaka 2004, huwa Februari, ndani ya msimu, wakati hakuna mpishi mkuu anayempa kijana wake ruhusa ya siku nne.

Lakini masika ni habari nyingine. Aprili na Mei mvua ikishuka, hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza watu, na wafanyakazi hurudi kwao. Mama zao wanaolima mwani wameishi miaka mingi kwa hesabu ya namna hiyo: bamvua maji yakikauka mbali wanashuka shambani, maji mafu wanafanya mengine, na hakuna anayelalamika kwamba bahari inamkosesha nafasi. Kundi lenye mpishi ndani yake halina budi kurekodi masika, tena kwa wingi, nyimbo za mwaka mzima, ili Agosti ikifika sauti ya mpishi iwepo hata kama mwenyewe yuko kwenye moto. Hesabu inatikiswa na Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 iliangukia Machi na mwanzo wa Aprili. Kadiri inavyosogea kuingia Februari, ndivyo masika yanavyobaki wazi kwa studio, na ndivyo tamasha linavyokaribiana na mfungo. Kundi linalopanga mambo yake miaka miwili mbele lichukue kalenda zote mbili, ya miladi na ya hijria, lizitandaze mezani.

Yanabaki makubaliano, na hapa ndipo mkataba wa RZA unapofaa kuliko albamu zake. Mpishi akiwa Kendwa na wenzake wameitwa kuimba Gombani, Pemba, nani anashika ubeti wake? Anauimba mwenzake, au sauti ya mpishi inatoka kwenye mashine wakati wengine wamenyamaza? Anayeushika usiku ule anaurudisha lini? Na mgawo: mpishi anapata fungu kamili kwa sababu mistari ni yake, au nusu kwa sababu hakutoka jasho, au hapati kitu kwa sababu hoteli inamlipa? Na ikiwa yeye ndiye anayelipia studio kwa mshahara wa jikoni, jambo ambalo hutokea sana, fedha hiyo ni mchango au ni deni? Wayaandike haya kwenye karatasi, mbele ya shahidi anayeheshimika kijijini, kabla ya Juni, msimu haujafunguka na kila mtu bado yuko nyumbani.